Mkate wa Vipande Viwili

Vyakula vingi husifiwa kwa wingi wa vitu vilivyotiwa ndani yake. Pilau husifiwa kwa viungo vyake, na karamu ya arusi husifiwa kwa wingi wa sahani. Lakini kiko chakula kimoja ambacho sifa yake ni uchache. Chakula hicho ni vipande viwili vya mkate vilivyowekwa kitu katikati. Mtoto aweza kukiandaa bila kuwasha moto. Msafiri aweza kukila akiwa ndani ya gari la moshi. Na mwanafunzi aweza kukichukua mkobani pamoja na vitabu vyake. Watu wengine hukidharau kwa kuwa ni rahisi. Walakini jambo rahisi si jambo lisilotaka akili, na mwenye kudharau mkate huu kwa kawaida hajapata kuula uliotengenezwa vema.

Chakula hiki huitwa sandwichi. Jina hilo limetokana na bwana mmoja wa Uingereza wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich. Na Sandwich ni mji mdogo katika jimbo la Kent. Husimuliwa ya kuwa bwana huyo aliagiza nyama yake iwekwe kati ya vipande viwili vya mkate, apate kula kwa mkono mmoja pasipo kuondoka mezani. Jina ni la Waingereza, lakini wazo lenyewe ni la watu wote. Huko Uganda, chapati na mayai huviringishwa pamoja, na chakula hicho huitwa rolex. Tena mtazame Mgogo aketipo mbele ya ugali wa uwele. Humega tonge, huliviringa kiganjani, hulibonyeza kwa kidole gumba hata likapata shimo kama kijiko, kisha huchota mlenda. Tonge hilo ni chombo, na papo hapo ni chakula. Mkate wa vipande viwili ni ndugu yake.

Basi, ni nini kinachoufanya mkate huo uwe mwema? La kwanza ni mkate wenyewe. Mkate utokapo tanuri harufu yake huita watu, lakini haukatiki vizuri. Kisu huugandamiza, na ndani hushikamana kama donge. Heri kungoja upoe, na mkate wa jana hukatika vizuri zaidi. Kipande kikiwa kinene mno, mlaji hula mkate mtupu. Kikiwa chembamba mno, hupasuka mkononi. Tena katika uwanda wa Dodoma upepo wa kiangazi ni mkavu, na mkate ulioachwa wazi hukauka upesi. Kwa hiyo ufunikwe kwa kitambaa safi tangu ukatwapo mpaka uliwapo.

La pili ni mafuta. Watu hudhani ya kuwa siagi hupakwa kwa ajili ya utamu tu. Sivyo. Mafuta ni kama lipu ya ukuta, huzuia maji yasipenye. Mtu akiweka nyanya juu ya mkate mtupu, maji ya nyanya hunywewa na mkate, na kabla ya saa sita mchana chakula chake kimekuwa kama uji. Lakini akipaka siagi au samli kwanza, tena akaipaka hata pembeni kabisa asiache mahali palipo wazi, mkate utakaa mkavu mpaka wakati wa kula.

La tatu ni chumvi, nayo iwe kidogo, kwa maana ndiyo inayoziamsha ladha nyingine. Na la nne ni kujua kukoma. Yai lililochemshwa na chumvi, yatosha. Nyanya na siagi, yatosha. Karanga na asali, au karanga na zabibu kavu, kwa kuwa Dodoma ni nchi ya mizabibu na huvuna mara mbili kwa mwaka, nazo zatosha. Katika mkate mdogo vitu viwili hupatana, cha tatu huwa shahidi, na cha nne huleta ugomvi.

Lakini kwa watu wa uwanda wa kati mkate unaowafaa kupita yote ni ule wa karanga. Karanga ni mmea wa ajabu. Ua lake huchanua juu, kisha kikonyo chake huinama na kuingia udongoni, na huko gizani ndiko tunda linakokomaa. Kwa sababu hiyo hupenda udongo mwepesi wa kichanga, ambao kikonyo chaweza kuupenya na mkono waweza kuufukua.

Mtu akitaka kupaka karanga katika mkate wake, kazi huanza kwa kuchagua. Mjukuu anayeketi na bibi yake kazini humo hujifunza mambo mengi.

“Mbona bibi unazitupa hizi? Ni nyingi.”

“Mjukuu wangu, itazame hii. Imesinyaa, na hii ina ukungu. Karanga moja mbovu huharibu kinu kizima.”

“Lakini bibi, zikikaangwa hazitajulikana.”

“Ndiyo sababu nazitoa sasa, wakati macho yangali yaweza kuziona.”

Zikiisha kuchaguliwa, hukaangwa kwa moto mdogo, zikigeuzwa daima zisiungue. Zikipoa husuguliwa kwa viganja, na maganda yake membamba hupepetwa kwa ungo. Kisha hutiwa kinuni pamoja na chumvi kidogo na kutwangwa. Kwanza huwa unga. Mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha, au hutia maji na kuiharibu. Lakini mwenye subira huzidi kutwanga, hata karanga zikatoa mafuta yake zenyewe, na ule unga ukawa laini, mzito, wenye kung'aa. Hapo siagi na chumvi na kitoweo vimekuwa kitu kimoja, na mkate hauhitaji zaidi.

Maneno ya bibi juu ya kuchagua si maneno ya kupita. Kuna kuvu inayoota katika karanga na mahindi yaliyopatwa na ukame shambani au kuwekwa ghalani kabla ya kukauka, nayo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu, na moto wa jikoni hauwezi kuimaliza. Mwaka 2016 ugonjwa ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao walikufa. Waganga walipochunguza waliona ya kuwa sumukuvu ndiyo iliyowaua, nayo ilikuwa katika mahindi waliyokula nyumbani mwao. Basi kukausha nafaka vema, kuiweka mahali pakavu palipoinuka, na kutupa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, si ubahili wala si uvivu wa kula. Hakuondoi hatari yote, lakini huipunguza sana. Ni kulinda maisha ya watakaoketi mezani.

Tena nchi hii ya Dodoma ina habari nyingine kubwa juu ya karanga na mkate. Vita Kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikosa mafuta ya kula. Siagi na majarini zilipimwa kwa kibali cha serikali, na tangu mwaka 1946 hata 1948 mkate pia ulipimwa. Nyumba nyingi zilikuwa na mkate mdogo, na kitu cha kuupaka kilikuwa kidogo zaidi. Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akatoa shauri ya kuwa karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, mafuta yake yapelekwe Uingereza yafanywe majarini. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika, pamoja na wenzake, kuipima nchi. Walizunguka kwa majuma machache tu, na sehemu nyingi walizitazama kutoka angani katika ndege. Kisha wakaandika ya kuwa eka zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa, na gharama itakuwa pauni kadiri ya milioni 25.

Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Lakini nchi haikuwa kama ilivyoandikwa. Mibuyu ilikuwa migumu kung'oka, na mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya mashine. Mvua ya uwanda huo kwa kawaida ni kadiri ya milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache, na miaka mingine hukosekana. Na udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi; jua la kiangazi huuchoma hata ukawa kama tofali. Hapo karanga, mmea unaotaka udongo mwepesi, ulifungiwa ndani ya ardhi ngumu, na kuufukua ikawa shida. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliiacha shauri hiyo, na pauni kadiri ya milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Baadaye sehemu ya mashamba hayo iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya katika nchi hiyo tangu zamani.

Habari hii si ya kuwacheka watu wale. Nia yao ya kuwapatia wenye njaa kitu cha kupaka mkate ilikuwa njema, na njaa haina kabila. Lakini waliruka jambo ambalo bibi mwenye ungo halirukii, yaani kukitazama kitu kwa karibu kabla ya kukitia katika kinu. Kuuliza si ujinga, na Mgogo aliyepanda uwele na mtama kwa kuwa huvumilia ukame angaliweza kuwaambia mengi juu ya mvua ya nchi yake.

Hata leo wako wanafunzi wanaoona haya kufungua chakula chao mbele ya wenzao. Mmoja ana mkate wenye nyama, na mwingine ana mkate wa karanga alioufunga mama yake alfajiri. Huyu wa pili hugeuka ukutani akila upesi upesi asionekane. Laiti angalijua kazi iliyomo katika vipande vile viwili! Mtu alilima, akapalilia, akangoja mvua, akafukua, akaanika, akachagua, akakaanga, akatwanga. Wala hakuna hata kitu kimoja kilichotiwa ili kuwaonyesha watu. Chakula cha namna hiyo hakistahili kufichwa.

Basi, msomaji, ukipata mkate, ukate sawasawa. Paka hata pembeni. Weka vitu vichache, na kila kimoja kiwe kizuri katika hali yake. Kisha, kwa kuwa mkate wa vipande viwili hukatika kwa urahisi kupita vyakula vingi, ukate katikati, umpe nusu aliyeketi karibu nawe.