Sauti Imfikie Kila Mwanafunzi: Kuunganisha Seti za Spika za Kompyuta Darasani

Katika lugha yetu neno "kusikia" lina kazi mbili. Tusemapo kwamba mtoto hasikii, aghalabu tuna maana kwamba hatii. Na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu haikutungwa kwa ajili ya masikio mabovu. Lakini mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuzitenganisha maana hizo mbili kila siku ya kazi yake. Darasani wapo watoto wasiotii, na wapo wasiofikiwa na sauti. Kwa mtazamo wa juujuu wote hufanana: hawajibu, hutazama dirishani, huandika jambo ambalo halikusemwa. Mwalimu amwadhibuye huyu wa pili kwa kosa la yule wa kwanza humdhulumu. Katika makala haya twakusudia kueleza njia moja ya kuipunguza dhuluma hiyo kwa vifaa ambavyo vyuo vingi na baadhi ya shule tayari vinavyo.

Katika chumba cha zana za kufundishia chuoni kwetu palikuwa na seti tatu za spika za kompyuta, kila moja iliyonunuliwa kwa wakati wake: seti mbili za spika ndogo mbilimbili, na moja yenye sabufa. Wanachuo waliotaka kuwasikilizisha wanafunzi hadithi iliyorekodiwa walizoea kuchukua seti moja, kuiweka juu ya meza ya mwalimu, kisha kuikoroga sauti hadi mwisho. Watoto wa madawati ya mbele waliziba masikio, wa madawati ya nyuma waliulizana, "Amesema nini?" Tuliona yafaa tutafute chanzo cha jambo hili kabla ya kuomba fedha za spika kubwa zaidi.

Chanzo ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo tu. Ndani ya chumba kuta na bati hurudisha sauti, hivyo aliye nyuma husikia mvumo wa kutosha. Lakini mvumo huo ni mchanganyiko wa sauti ya sasa na ya nukta iliyopita. Irabu, ambazo zina nguvu, hupenya. Konsonanti kama s, f na th ni dhaifu, na sehemu kubwa ya sauti ya s imo katika mitetemo ya juu, kama 4,000 na zaidi kwa sekunde. Hizo ndizo hupotea kwanza. Ndiyo sababu kuongeza sauti hakusaidii sana, na sabufa husaidia kidogo mno: kazi yake ni sauti nzito za ngoma na gitaa la besi, wala si kumwezesha mtoto kutofautisha "shaka" na "saka". Dawa yake ni spika ndogo kadhaa, zilizowekwa karibu na wasikilizaji, zikisema kwa upole.

Wazo la kumzungushia msikilizaji spika si geni. Mwaka 1931 mhandisi Alan Blumlein wa Uingereza aliomba hataza ya sauti ya njia mbili, kulia na kushoto. Mwaka 1940 filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa katika kumbi chache za Marekani zilizofungiwa spika nyingi ili sauti iweze kuhama upande hadi upande. Mpango ulioenea leo una njia tano kamili na moja ya besi: spika tatu mbele, mbili ubavuni kuelekea nyuma, na sabufa. Kompyuta nyingi za mezani zinaweza kutoa sauti kwa njia hizo, ingawa wenye nazo hutumia tundu moja tu.

Mwanachuo aigeuze kompyuta na kutazama matundu yake ya sauti. Kwa kawaida la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la spika za nyuma, la rangi ya chungwa ni la spika ya kati pamoja na besi, na la waridi ni la maikrofoni. Seti ya kwanza huchomekwa kwenye tundu la kijani, ya pili kwenye jeusi. Baada ya hapo ni lazima kompyuta yenyewe iambiwe, katika mipangilio yake ya sauti, kwamba sasa kuna spika nne. Isipoambiwa, spika za nyuma hukaa kimya na mtu huzidhania mbovu. Kompyuta zenye matundu matatu tu mara nyingi huweza kubadilishiwa kazi, hivyo kwamba tundu la buluu likawa la spika za nyuma. Seti ya tatu ikitiwa kwenye tundu la chungwa, spika yake moja hupata sauti ya kati na nyingine hupata besi peke yake. Kwa hiyo seti yenye spika ndogo haifai hapo.

Kompyuta ndogo ya kubebea aghalabu ina tundu moja. Kwa hiyo hutumika waya wenye kichwa kimoja na matundu mawili, na seti mbili hupokea sauti ile ile. Hili halina madhara, maana kila seti ina umeme wake na amplifaya yake, nayo huchukua kidogo sana kutoka kwenye kompyuta. Kinyume chake ni hatari: tusiunganishe kamwe matokeo ya amplifaya mbili pamoja, wala kung'oa spika za seti moja na kuzifunga kwenye amplifaya ya nyingine bila fundi. Seti zote zichomekwe kwenye ekstensheni moja, kwani zikitumia soketi za mbali mbali huweza kutoa mvumo usiokoma. Waya zipitishwe kando ya ukuta, mahali ambapo mguu wa mtoto haupiti.

Seti zisizo ndugu hazilingani nguvu. Kwa hiyo mwanachuo mmoja hukaa katikati ya chumba huku mwenzake akicheza sauti ya mtu anayehesabu, spika moja baada ya nyingine, wakirekebisha mpaka zote zilingane. Kisha alama hutiwa kwa utepe kwenye kila kirungu, ili kazi hiyo isirudiwe kila somo.

Tulipokamilisha hayo tulipata spika nne zinazozunguka darasa, na mara likazuka swali la mbinu. Sauti ya kuzunguka imetengenezwa kwa ajili ya mtu aketiye katikati. Darasa la watoto sitini halina katikati ya kuwatosha wote: aliye kwenye kona ya nyuma husikia karibu spika moja tu, na kama msimulizi amewekwa katika spika za mbele, mtoto huyo amerudi pale pale alipokuwa. Kwa somo la ufahamu wa kusikiliza, basi, spika zote nne zitoe sauti ile ile. Je, sauti ya mbele inayochelewa haitamchanganya? Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Katika chumba cha mita 8 itachelewa kwa milisekunde 23 hivi, yaani sehemu 23 katika elfu ya sekunde. Mwaka 1949 mtafiti Mjerumani Helmut Haas alieleza kwamba sikio huziunganisha sauti zilizopishana kwa muda mfupi wa namna hiyo na kuzisikia kuwa moja. Katika ukumbi wa mita 20 hali ni tofauti: kuchelewa kunafika milisekunde 59, na maneno huanza kurudiwa kama mwangwi.

Njia nne tofauti zinafaa katika somo la sayansi kuhusu sikio. Hata hivyo somo hilo laweza kuanza bila umeme. Mtoto mmoja hufungwa kitambaa machoni, wenzake hupiga makofi kutoka pande mbalimbali, naye huonyesha kwa kidole. Kulia na kushoto hakosei sana, kwa kuwa sauti hufika sikio moja kabla ya lingine kwa muda usiofikia milisekunde 1, na ubongo hutambua. Lakini sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa hufika masikio yote mawili pamoja, naye hubabaika mpaka ageuze kichwa. Wanafunzi wakishagundua hayo wenyewe, spika nne huja kuthibitisha walichokwisha kukijua.

Katika mazoezi ya kufundisha tulikuta katika daftari la mwanachuo mmoja maelezo juu ya msichana wa Darasa la Nne: "Mzito, hasikii." Katika imla mtoto huyo alikuwa ameandika "samani" mahali pa "thamani". Hukumu ya mwanachuo ilikuja upesi kuliko ushahidi. Kosa lile lingeweza kutoka katika matamshi ya nyumbani, au katika umbali wa dawati, au katika sikio lenyewe. Tulimshauri asome maneno kumi yenye sauti za s, sh, f na th, wanafunzi waandike. Kesho yake wa mbele wahamie nyuma na wa nyuma waje mbele, zoezi lirudiwe kwa maneno mengine kumi ya aina hiyo. Alipoketi mbele, msichana yule alikosa neno moja tu.

Zoezi hili twalipendekeza kwa kila mwanachuo kabla hajagusa waya wowote. Makosa yakibaki na dawati, tatizo ni sauti, na spika, au hata mwalimu kuhama tu kutoka ubaoni, vitasaidia. Yakimfuata mtoto mbele na nyuma, na kwa wenzake wa lugha moja naye hayaonekani, mzazi aombwe ampeleke akapimwe masikio. Na yakiwapata watoto wote wa lugha hiyo, hapo ni kazi ya somo la matamshi, ambayo spika haziwezi kuifanya. Matokeo yaandikwe katika daftari mahali pa yale maneno mawili, "mzito, hasikii", ili mwalimu atakayelipokea darasa hilo mwakani ajue aanzie wapi.