Kamukunji: Chuma Kikuukuu Hupata Kazi Mpya

Mgeni atokaye katikati ya mji wa Nairobi kuelekea soko la Gikomba huisikia Kamukunji kabla hajaiona. Ni mlio wa nyundo zisizonyamaza tangu asubuhi hadi magharibi. Hapo mafundi hutengeneza majiko, masanduku ya wanafunzi, karai na toroli, na kazi yao huitwa jua kali, kwa kuwa wengi walianza bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na baadaye mabanda yakajengwa.

Linalomstaajabisha mgeni zaidi ya bidhaa ni zana zenyewe. Fuawe nyingi ni vipande vya reli. Reli iliyoifikia Nairobi mwaka 1899 ndiyo iliyouzaa mji huo, na chuma chake, kilichofanywa kigumu ili kibebe garimoshi, hustahimili nyundo kwa miaka mingi. Springi ya lori hufuliwa ikawa tindo. Pipa la mafuta hukatwa likawa jiko. Mota ya mashine iliyokufa huzungusha jiwe la kunolea.

Hata hivyo, si kila chuma kikuukuu ni halali. Kenya ilitunga sheria ya chuma chakavu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa, baada ya nguzo za umeme na njia za reli kuharibiwa na wezi. Fundi mwaminifu aliumia pamoja na mwizi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi anunuaye kifaa cha kiwanda na adai hati ya mauzo, ajue kimetoka wapi.

Ndugu msomaji atakaye kuanzisha karakana ndogo nyumbani ana mengi ya kujifunza hapo. Kipande cha reli kikisimamishwa wima na kufungwa imara katika gogo, hupokea pigo vizuri kuliko kikilazwa, kwa kuwa uzito wote huwa chini ya nyundo. Mota ya kiwandani huwa na kibati kilichoandikwa nguvu na kasi yake. Kisome kwanza, maana mota nyingi za viwanda hutaka umeme wa fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, yenye puli ya sentimeta 10 iliyounganishwa kwa mkanda na puli ya sentimeta 20, huzungusha mashine mara 720. Ukizigeuza puli hizo, mashine huzunguka mara 2,880. Jiwe la kunolea likizungushwa kupita kasi iliyoandikwa juu yake huweza kupasuka na kuua. Mkanda nao ufunikwe, watoto wasije wakauguza vidole.

Pipa lililokuwa na petroli lisikatwe kwa moto kamwe kabla ya kusafishwa na mtu ajuaye kazi hiyo, maana mvuke uliosalia hulipuka. Mafuta ya transfoma ya zamani yasitumiwe kwa lolote, kwani mengine yana sumu. Vifuniko vya bomba za tanuri kuukuu huenda vina asbestosi, ambayo vumbi lake huleta saratani, visiguswe.

Akiyazingatia hayo, fundi wa nyumbani atapata zana imara kwa fedha chache, naye atabaki na mikono yake yote ya kuzitumia.