Mikono ya Biharusi Si ya Kuuza



Wengi mnatuuliza vipi tunaiweka pamoja kazi ya picha za kuuza na zile picha tunazopiga kwa mapenzi yetu. Leo tunajibu, na jibu lina aibu yetu ndani yake.

Sisi ni ndugu wawili, kamera moja. Riziki yetu inatoka kwenye tovuti zinazouza picha dunia nzima. Tunapiga karafuu zilizoanikwa mkekani, milango ya Mji Mkongwe, madafu, mashua za Nungwi. Mteja akinunua, tunapata fungu letu, mara nyengine senti chache tu za dola, kwa hiyo lazima picha ziwe nyingi. Kila moja tunaiandikia maneno ya Kiingereza ya kuitafutia. Jina la kampuni likionekana kwenye chupa, picha inarudishwa. Na za sikukuu zinatakiwa mapema, kwa hiyo futari tunaipika mwezi wa Rajab, mchana kweupe, majirani wakishangaa harufu ya sambusa na tambi inatoka wapi.

Kazi ya moyo ni nyengine. Tunapiga mikono ya mabiharusi usiku wa hina. Biharusi anapewa picha zake, nasi tunabaki na nakala kwenye albamu ya nyumbani. Hatukuwa tukiziuza.

Mpaka mwezi mmoja kodi ya nyumba ikafika na mfuko mtupu. Tukachagua picha moja, tukaipakia. Tukajipa na hoja: uso hauonekani, jina halipo. Tovuti haikutudai hata fomu ya ridhaa, maana huitaka pale mtu anapotambulika.

Baada ya miezi kadhaa biharusi yule akatupigia simu. Ameiona mikono yake kwenye tangazo la baa ya hoteli, pembeni imewekwa glasi ya pombe. Aliijua kwa pete ya bibi yake na kovu la kisu kidoleni. Hakugomba. Alisema tu, "Dada zangu, mimi nilikuruhusuni mnipige picha. Sikukuruhusuni mniuze."

Tuliifuta usiku ule ule. Lakini aliyekwisha kununua haki ya kuitumia, haki yake haiondoki kwa sisi kuifuta. Tangazo likabaki. Tukaenda kwao kuomba radhi, na pesa zenyewe mkononi. Hakuzichukua, akasema tuzitoe sadaka. Yeye alitusamehe siku ile. Mama yake alituitikia salamu, basi.

Ndipo tulipojifunza kuwa kugawa muda peke yake hakutoshi. Jumatatu mpaka Jumatano ni za kuuza, Alhamisi ni yetu, lakini njaa haijui Alhamisi. Tukanunua memori kadi mbili, nyekundu ya soko na nyeupe ya amana. Ya soko haivuki mlango wa chumba cha biharusi. Picha za kadi nyeupe haziingii kwenye kompyuta ya kazi, hata kodi ikigonga mlango. Mwezi ukiwa mgumu, tunaongeza karafuu.

Nawe biharusi, kabla hujamkabidhi mtu usiku wako, muulize: picha zitawekwa wapi? Nani ataziona? Zinaweza kuuzwa? Akikujibu, mwambie aandike. Usione haya, na usidhani kuficha uso kunatosha. Mikono yako pia ni wewe.

Mwezi uliopita mdogo wake biharusi yule kaolewa, na sisi tukaitwa. Mama yake ndiye aliyetufungulia mlango. Hakutukaribisha kwanza. Aliitazama kamera, akauliza, "Kadi gani hiyo?"

Tukaitoa, tukamwonesha. Nyeupe.

"Haya, ingieni wanangu. Hina imeshakorogwa."

Allah atujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.