Na Mama Hadi Moshi

Mama hakuwa amewahi kuvuka Same. Tulipanda basi Mombo asubuhi, mashamba ya mkonge yakapita, kisha milima ya Upare ikatusindikiza upande wa kulia. Hedaru na Makanya alikataa kushuka hata kununua maji. Same akalazimika, akatanguliza kisigino, na ilipofika zamu ya kidole gumba, akauma meno.

Kijijini hukumu ilishatoka: gauti. Akaacha nyama, akaacha maharage, mguu ukauma vilevile. Mimi nilikuwa na shaka. Gauti huvamia ghafla, mara nyingi usiku. Kiungo huwa chekundu na cha moto, hata shuka halivumiliki. Maumivu ya Mama yalikuja polepole kwa miaka, yakizidi akitembea na kupoa akikaa. Asubuhi mguu hukakamaa dakika chache, halafu unalegea. Na juu ya shina la kidole paliota nundu ngumu ya mfupa.

Pale KCMC, hospitali tuliyoiendea Moshi, Kilimanjaro ulikuwa umejifunika mawingu. Mama akasema tumemdanganya, hakuna mlima. Daktari alimwamkia, akakishika kidole gumba na kukipandisha juu. Hakikwenda. Eksirei ilipigwa Mama akiwa amesimama, maana mguu ukibeba uzito ndipo nafasi kati ya mifupa inapoonekana ilivyobana. Gegedu lilikuwa limelika: osteoathraitisi.

Nilitarajia mfuko wa vidonge. Tukapewa jeli ya diklofenaki ya kupaka na parasetamoli za siku mbaya, Mama akaambiwa apunguze uzito, tukaelekezwa kwa mafundi wa viungo bandia. Sindano ya kwenye kiungo, au upasuaji wa kuchonga nundu au kuunganisha mifupa, vikawekwa akiba.

Fundi hakuanza na mguu. Aliokota ndala ya Mama, akaigeuza. Ukingo wa nje ulikuwa umelika kabisa. Upande wa gumba, kama mpya.

“Mama, unakanyagia pembeni ili kidole kisikunjike.”

“Umejuaje, mwanangu?”

Akamwonyesha kiatu kipana mbele, soli ngumu isiyokunjika, iliyoinuka nchani ili mguu ubiringike wenyewe na kidole kisilazimike kupinda. Kwangu, hiyo ndiyo ilikuwa tiba hasa. Mama alikitazama kwa mashaka.

“Na harusini nivae hiki?”

“Unataka rangi gani?”

“Nyeusi. Na hiyo soli uifiche.”