Kitoweo cha Mwambao wa Ziwa Nyasa

Msafiri atokaye Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, huteremka milima kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Nyuma yake huacha baridi na mashamba ya kahawa ya Wamatengo. Mbele yake hukuta joto, miembe, mihogo, na maji mapana kama bahari. Hilo ndilo Ziwa Nyasa. Kina chake hupita mita 700, na aina za samaki wake ni nyingi kuliko za ziwa jingine lolote ulimwenguni.

Tulipofika ufukoni tuliingia katika mgahawa mdogo: banda la nyasi, mabenchi ya mbao na mafiga matatu. Mama apikaye hungojea mitumbwi, na kilicholetwa alfajiri ndicho kiliwacho adhuhuri. Huenda wakawa dagaa waitwao usipa, wavuliwao usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Huenda akawa mbasa, samaki mwenye magamba ya rangi ya fedha, aliyechemshwa kwa nyanya na ndimu, akaliwa kwa ugali wa muhogo wa papo hapo. Na upepo wa mwera ukivuma kwa nguvu, mitumbwi hailali majini. Siku hiyo chungu hupikwa maharage ya Mbinga, wala mama haoni haya kumwambia mgeni kwamba leo hapana samaki.

Katika mwambao huu wakazi wengi ni Wakristo, na Mwislamu aliye safarini aghlabu huuliza nyama hii imechinjwa na nani. Samaki ametuondolea swali hilo, maana Sharia haikumwekea sharti la kuchinjwa. Katika Sura An-Nahl twakumbushwa neema ya nyama mpya itokayo majini. Basi maadamu vyombo ni safi, Mwislamu na jirani yake hukaa benchi moja, wakala kitoweo kimoja kwa nyoyo tulivu.

Walakini kila neema ina haki yake. Mbasa haishi ziwani siku zote. Masika yaingiapo huacha ziwa na kupanda mito, kama vile Ruhuhu, ili kutaga mayai. Akikuta nyavu zimeziba mlango wa mto, hafiki. Na akifika, naye udongo wa milimani umemomonyoka ukafunika changarawe atagiapo, uzazi wake hupotea.

Hapo ndipo tulipoikumbuka tena Mbinga. Wamatengo tangu zamani hulima kwa ngoro. Hukata majani, wakayapanga kwa mistari ikatanayo mfano wa wavu, kisha wakayafunika kwa udongo wauchimbao katikati. Yabakiayo ni mashimo yashikayo maji ya mvua, na udongo ukabaki mahali pake. Kwa hiyo mkulima wa maharage kule juu amhifadhi samaki asiyemwona, na mvuvi huku chini ana deni kwake.

Nasi walaji tuna sehemu yetu. Yatupasa kumkataa samaki mchanga aliyenaswa kwa nyavu za matundu madogo, hata akiuzwa rahisi; na tuambiwapo leo hapana samaki, tule maharage na kushukuru. Mgahawa ule hauna ghala wala barafu. Akiba yake yote imo ziwani, na ziwa halitajazwa na mpishi.