Pazia la Ukumbi wa Semina

Singida, kandokando ya ziwa

Wifi yangu mpendwa,

Sisi wazima, na kaka yako anakula vizuri kuliko nyumbani, kwa hiyo usianze maneno. Yeye amekuja semina, mimi nimekuja kulala.

Najua ulicheka uliposikia tunakwenda kustarehe Singida. Nyie watu wa Tanga mnadhani huku bara ni vumbi na mbigili tu. Sasa sikiliza. Kutoka Dodoma ni kilometa 240 hivi, lami mwanzo mwisho. Unapita Bahi kwenye majaruba ya mpunga, unafika Kintinku, halafu gari linaanza kuguna: hapo unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuitafuta Manyoni. Ukishafika juu hewa ni nyingine kabisa. Singida mjini ni kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jioni nakaa ndani ya sweta la kaka yako.

Mji umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi, maana hayana mto wa kuyatoa. Jua ndilo linaloyapunguza. Hoteli yetu (jina nakuhifadhia, utajua kwa nini) inatazama Singidani. Kitanda cha kupotelea, maji ya moto muda wote, na mhudumu anayegonga mlango kuuliza kama mito inanitosha. Sikudanganyi, anasa nimeipenda.

Lakini mawe, wifi! Mawe makubwa kama nyumba, yamepandana kutoka kilimani hadi majini, mengine yamekaliana kwa ncha tu na hayadondoki. Ni itale iliyopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Udongo wa juu ukaliwa na mvua na upepo, mawe yakabaki nje, nayo yakaanza kumomonyoka pembe kwanza, ndiyo maana yana mviringo. Asubuhi heroe wanasimama kwenye kina kifupi, midomo juu chini, wanachuja vile vijimea vya majini vinavyowapa rangi yao ya waridi. Kutaga hawatagi hapa, wanakwenda Ziwa Natron.

Sasa unajua chumba chenye mandhari bora kuliko vyote hoteli nzima ni kipi? Ukumbi wa mikutano. Vioo kuanzia sakafuni hadi darini, ziwa lote mbele yako, na pazia zito limefungwa kutwa ili projekta ionekane. Kaka yako amewapa heroe mgongo, anasoma jedwali la bajeti.

Mimi naona hoteli za namna hii zimepigiwa hesabu ya posho, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016. Maegesho mapana, chai ya saa nne haichelewi, risiti safi. Mtalii hakuwazwa. Hakuna mtumbwi wa kukodi, hakuna wa kukupandisha mawe. Nilipoomba kiti kimoja kipelekwe kule kwenye mawe, mhudumu alikwenda kumwita meneja. Meneja akauliza mimi ni wa semina gani.

Na kituko cha mwisho, hiki ndicho kilichonifanya nifiche jina: Singida hii, ambayo kuku wake wa kienyeji wanasafirishwa hadi Dar es Salaam, bufee ya usiku ilikuwa kuku wa kisasa! Laini, mweupe, hana habari. Kesho yake nilitoka kwenda mjini nikala kibanda cha mama mmoja: kuku mgumu wa kutafuna kwa heshima, mchuzi wa mafuta ya alizeti, ugali wa mtama. Nililamba vidole mbele za watu.

Ukija, njoo miezi ya kiangazi na ubebe nguo nzito. Kuku wako watatu nimeshawalipia, wako hai. Kaka yako anaapa hawapandi gari lake. Mwache aape.

Wifi yako