Mawe Mawili ya Goma

Mtu afikaye Goma huona mawe meusi kila mahali. Yote ni watoto wa moto, lakini hayafanani. Moja ni jepesi, lenye vitundu kama sifongo: lilirushwa juu, mvuke ukalijaza mapovu, likapoa hewani. La pili ni zito, lilitiririka chini. Hilo ndilo la kuogopwa. Moto wa Nyiragongo una uchache wa yale madini ya mchanga yaitwayo silika, ambayo huufanya mzito kama uji. Kwa hiyo hukimbia kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 watu wengi walishindwa kuukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji hata ziwani Kivu. Baadaye wenyeji waliyaponda mawe yale kwa nyundo, wakajenga nyumba papo hapo.